SOMO LA UFUNDI: KUKITILIA KIPOKEZI CHA DISHI PROGRAMU MPYA KWA FLASHI



Jioni baada ya kazi, wengi wetu hapa Kasese na Bwera hukusanyika penye televisheni moja. Hapo twapata habari za nchi na za dunia. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013 na tena Mei 2020. Anayeishi kando yake ajua thamani ya habari inayofika mapema. Basi kipokezi cha dishi si anasa. Kimenunuliwa kwa jasho letu, mara nyingi kwa mchango, na hatuna budi kujua kukitunza.

Ndani ya kipokezi mna programu, yaani maagizo yanayokiongoza chombo. Mtengenezaji huirekebisha mara kwa mara, nasi twaweza kuitia wenyewe kwa flashi. Lakini fuata utaratibu huu.

1. Hakikisha ugonjwa. Tazama kipimo cha ubora wa mawimbi kwenye menyu. Kikiwa sifuri, chunguza nje kwanza: huenda dishi limesukumwa na upepo, au maji yameingia kwenye kiungo cha waya. Programu mpya haiponyi dishi lililopinda. Wala haiwezi kukigeuza kipokezi cha DVB-S kiwe cha DVB-S2. Hilo ni jambo la vyuma vya ndani.

2. Jua namba ya chombo. Soma kibandiko kilicho chini yake, kisha ukurasa wa maelezo kwenye menyu. Vipokezi viwili vinavyouzwa meza moja sokoni Mpondwe vyaweza kufanana kwa nje kama mapacha, na ndani vikawa tofauti kabisa. Faili lisilo lake huweza kukiua. Chukua faili la mtengenezaji, la namba ileile.

3. Tayarisha flashi. Ifute na kuipanga kwa mtindo wa FAT32. Ikiwa faili limefungwa katika kifurushi, lifungue kwanza kwenye kompyuta. Usilibadilishe jina ila maelezo yakikuagiza.

4. Hifadhi ya zamani. Andika masafa na mipango ya dishi kwenye daftari, maana huenda vyote vikafutika.

5. Linda umeme. Hapa ndipo penye hatari. Kwa dakika chache programu ya zamani hufutwa na mpya kuandikwa. Umeme ukikatika katikati, chombo hubaki bila maagizo.

Mwandishi wa somo hili aliwahi kuua kipokezi cha ukumbi kwa njia hiyo. Wingu zito lilikuwa juu ya Ruwenzori, naye akaharakisha ili amalize kabla ya mechi. Umeme ukakatika. Wenzake hawakumtukana, lakini walichanga upya, na mshahara wa kibarua hauna nafasi ya kuchanga mara mbili. Tangu siku hiyo hutumia betri ya sola na kibadilisha umeme, au husubiri siku yenye umeme tulivu.

6. Tia programu. Chomeka flashi, fungua menyu, chagua sehemu ya kuboresha programu kwa USB, kisha teua faili. Weka rimoti chini. Usichomoe kitu mpaka chombo kijizime na kujiwasha chenyewe. Baadaye tafuta chaneli upya.

Chombo kikikataa kuwaka, usikitupe. Vingine fundi huweza kuvifufua kwa waya na kompyuta.

Ndugu, ujuzi wa mtu mmoja huondoka naye anapohamishwa kazi. Kila tawi lichague wenzetu wawili, mwanamke na mwanamume, wajifunze kazi hii na kuwafundisha wengine.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Kwa nini twakagua dishi kabla ya kugusa programu?
2. Nani katika ukumbi wetu anaijua namba ya kipokezi chetu? Imeandikwa wapi?
3. Umeme ukikatika leo katikati ya kazi, tumejitayarishaje?