SOMO LA JAMAA: TUWASAIDIE WATOTO WETU WA SEKONDARI KUJIFUNZA NYUMBANI

Masomo ya kusoma: Kumbukumbu la Torati 6:6-7, Danieli 1:3-20, Luka 2:41-52



Somo hili ni la jamaa nzima. Tunaomba lisomwe jioni moja watoto wakiwapo, na maulizo yaliyo mwishoni yajibiwe kwa sauti, wakubwa kwa wadogo.

Kila mwaka, siku za Examen d'État zinapokaribia, wafinalisti wetu wanakuja mbele ya kanisa na kalamu zao ili ziombewe. Ni desturi nzuri na tutaendelea nayo. Lakini tuulizane: kalamu hii tunayoiombea, imeandika nini tangu mwezi wa kenda, shule zilipofunguliwa? Mzazi anayefunga siku 3 kwa ajili ya diploma ya mtoto, alimpa mtoto huyo saa ngapi za kusoma nyumbani katika mwaka mzima? Hilo ndilo jambo la somo letu. Sala inamwomba Mungu abariki kazi. Basi kazi yenyewe iwepo.

I. MAANDIKO YANATUFUNDISHA NINI?

Katika Kumbukumbu la Torati, Musa anawaagiza wazazi wazungumze na watoto juu ya maneno ya Mungu wakiketi nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Hasemi kwamba mzazi awe kwanza na diploma. Anasema nyumba ni mahali pa kufundishia, na kwamba kufundisha ni kazi ya kila siku.

Danieli na wenzake 3 waliwekwa miaka 3 kujifunza maandiko na lugha ya Wakaldayo, lugha isiyokuwa ya baba zao. Mungu ndiye aliyewapa maarifa na ufahamu, lakini aliwapa wakiwa wanajifunza. Mwisho wa miaka hiyo mfalme mwenyewe aliwauliza, akawaona wanapita wengine wote mara 10. Hapo tunaona mambo mawili yakienda pamoja: uaminifu kwa Mungu na bidii ya masomo.

Watoto wetu wanafanana na vijana hao. Katiba yetu ya 2006 inahesabu Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, lakini lugha rasmi ni Kifaransa, na masomo ya sekondari ni kwa Kifaransa. Kwa hiyo mtoto anabeba mizigo miwili: somo lenyewe, na lugha ambayo somo limefungwa ndani yake. Tusishangae akichoka.

Na Bwana Yesu, akiwa na miaka 12, alikutwa ameketi katikati ya walimu, akisikiliza na kuuliza. Kijana anayeuliza mwalimu si mjinga wala hana kiburi.

II. KWA NINI KALASI PEKE YAKE HAITOSHI?

Tangu Septemba 2019 shule za msingi za Serikali hazilipishi wazazi, na watoto wengi wameingia shuleni. Tunamshukuru Mungu. Lakini kalasi zimejaa. Hata sekondari, mwalimu mwenye wanafunzi wengi hana muda wa kumfuata kila mmoja. Anaandika kwenye ubao, wanafunzi wananakili, kengele inalia. Kaye inajaa, kichwa kingali kitupu. Kilichonakiliwa asubuhi kinaingia kichwani pale tu mtoto anapokirudilia mwenyewe nyumbani.

Tuangalie pia Examen d'État yenyewe. Kwanza wafinalisti wanaandika insha ya Kifaransa, ile wanayoiita disertasyo, katika mtihani unaotangulia. Halafu zinakuja siku 4: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsyo. Ili kupita inatakiwa asilimia 50. Maulizo yanatoka katika mambo ya muda mrefu. Hakuna anayeweza kujifunza kuandika insha kwa usiku mmoja, kama vile hakuna anayepanda mahindi leo na kula bukari kesho.

Tufanye hesabu. Saa 1 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ni saa 5. Kwa wiki 30 tu za mwaka wa shule, ni saa 150. Anayekesha usiku mmoja kabla ya mtihani anapata saa 8 au 9, tena za usingizi. Nani kati ya hao wawili ataingia chumba cha mtihani na moyo tulivu?

III. MZAZI ASIYESOMA SANA AFANYE NINI?

Wazazi wengi wanatuambia: "Mimi niliishia la tano. Hesabu za mtoto huyu nitazijulia wapi?" Ndugu, huombwi kuzijua. Mambo haya 5 mzazi yeyote anaweza kuyafanya.

1. Linda saa. Mtoto wa zamu ya asubuhi arudi, ale, apumzike kidogo, kisha asome kabla jua halijazama. Wa zamu ya mchana anarudi jioni amechoka. Huyo afadhali alale mapema na kusoma alfajiri. Saa ikishawekwa, asitumwe sokoni wala kisimani. Na msichana apewe saa sawa na kaka yake. Nyumba nyingi kijana anakaa na kitabu huku dada yake wa kalasi ileile akichota maji, akiwasha makala na kuosha vyombo mpaka usiku. Halafu tunasema msichana hana akili! Kazi za nyumba zigawanywe.

2. Tafuta mwanga na mahali. Tunajua namna umeme unavyokatika. Taa ndogo ya jua, ikiwezekana, inasaidia. Buji nayo inafaa, lakini iwekwe mbali na chandarua na godoro, kwa sababu moto hauombi ruhusa. Asiye na meza aweke ubao juu ya viti viwili. Redio na televisheni vinyamaze kwa saa hiyo moja, hata za baba.

3. Uliza maulizo 3. "Leo mmefundishwa nini? Ni kitu gani hukukielewa? Nieleze kwa Kiswahili." Ulizo la tatu lina nguvu sana. Tuchukue mfano: mtoto amesoma namna majani yanavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Mama anayelima lengalenga amwulize: "Kwa nini mboga iliyofunikwa siku nyingi inageuka rangi ya manjano?" Mtoto akiweza kumjibu mama kwa Kiswahili, ameelewa. Kisha aseme jambo lilelile kwa Kifaransa, hata kama mama hafuati maneno yote. Akikwama, anajua mwenyewe pa kurudi katika kaye. Hapo mama ambaye hakufika sekondari amemsaidia mwanafunzi wa sekondari.

4. Funga kaye. Wanafunzi wengi wanasoma ukurasa mara 5 huku wakiutazama, wanadhani wanajua. Mwaka 2006, watu wawili wa elimu huko Marekani, Roediger na Karpicke, walipima jambo hili kwa wanafunzi. Waliorudilia kusoma tu walikumbuka vizuri kwa dakika chache za kwanza. Lakini baada ya wiki moja, waliofunga karatasi na kujaribu kukumbuka wenyewe ndio waliobaki na mengi zaidi. Basi mzazi ashike kaye, hata asipoijua lugha yake, na mtoto aseme bila kutazama. Kwa hesabu, chukua zoezi ambalo mwalimu alilikosoa, funika jibu kwa kipande cha karatasi, na mtoto alifanye upya. Akimaliza, ondoa karatasi, alinganishe. Kila kosa aliandike pembeni, alirudilie baada ya siku 2, na tena baada ya wiki.

5. Fika shuleni. Usingoje bulletin ya mwisho wa mwaka. Kila periode inatoa pointi. Ziangalie, uone ni somo lipi linashuka, umwone mwalimu au prefe kwa heshima, umwulize mtoto afanye nini nyumbani. Mwalimu akimwona mzazi, naye anamtazama mtoto kwa jicho lingine.

IV. MAMBO YA KUEPUKA

Usifanye kazi ya mtoto. Hili ni kosa la wazazi waliosoma na la kaka wakubwa. Mtoto anarudi na 9 juu ya 10, na mwalimu anadanganyika kwamba somo limeeleweka. Mwonyeshe njia kwa mfano mwingine, kisha zoezi lake alifanye mwenyewe, hata akikosea. Kosa lililofanywa kwa mkono wake linamfundisha kuliko jibu zuri la mkono wako.

Angalieni simu. Inaweza kueleza neno gumu, na hiyo ni faida. Lakini siku hizi inatoa pia kazi nzima iliyokwisha kuandikwa, na kijana ananakili tu. Kilichotoka katika simu kikaingia katika kaye hakikupita kichwani. Sheria iwe hii: mtoto ajaribu kwanza peke yake, kisha ndipo aulize simu au mtu.

Msinunue majibu. Kila mwaka kuna wanaouza karatasi wakisema ni maulizo ya Examen d'État. Mara nyingi ni uongo, na hata ikiwa kweli, ni wizi. Mtu wa Mungu hawezi kuomba baraka juu ya diploma iliyoibwa. Na mzazi anayetoa falanga kwa kazi hiyo anamfundisha mtoto somo ambalo hatalisahau.

Msiwatupe watoto machimboni. Katika Lualaba na Haut-Katanga tunaona kijana akitoka kwenye shimo na falanga mkononi, na mwenzake mwenye kaye anaonekana mjinga. Sheria ya madini ya 2002 inatoa kadi ya mchimbaji wa mikono kwa mtu mzima tu. Lakini sheria hailindi nyumba ambayo baba mwenyewe anasema: "Leo usiende shuleni, twende tukachimbe." Tunajua njaa iko. Pale njaa inapomtoa mtoto shuleni, jamaa isifiche. Imwambie shemasi mapema, ili kanisa lijue na litafute namna ya kusaidia kabla mtoto hajazoea shimo.

Tupange mikesha kwa hekima. Sala ya usiku ni nguvu yetu. Lakini mwanafunzi aliyekesha usiku wa Jumapili atasinzia kalasini Jumatatu. Mikesha ya vijana iwekwe usiku wa kuamkia Jumapili au wakati wa likizo, na katika wiki za mitihani wanafunzi waachwe walale. Kumpa Mungu usiku na kumwibia mwalimu mchana si ibada kamili.

V. PAROKIA IFANYE NINI?

Nyumba zetu nyingi ni ndogo na zina kelele. Lakini nyumba ya sala ina viti, na siku za kazi inakaa tupu. Parokia yoyote inaweza kuweka saa ya masomo mara 2 kwa wiki, mchana, bila falanga. Taratibu ni chache:

- Kila mmoja ajaribu kazi yake peke yake dakika 20, kimya.
- Baadaye wakae wawili wawili au watatu, mmoja aeleze, wengine waulize.
- Walimu na wanafunzi wa universite walio kati ya waamini wapite kwa zamu. Wasitoe jibu, waulize: "Ulifika wapi?"
- Mama mmoja na baba mmoja wawepo kusimamia, na wasichana wafike nyumbani kabla ya giza.

Wakristo wanatoa vinanda na vitambaa kwa ajili ya nyumba ya sala. Kamusi moja ya Kifaransa iliyowekwa kwenye meza hiyo nayo ni sadaka.

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA

1. Danieli alipewa hekima na Mungu. Kwa nini basi alijifunza miaka 3?
2. Katika nyumba yetu, saa ya kusoma ni ipi? Nani anaivunja mara nyingi?
3. Msichana na mvulana wana saa sawa? Kama sivyo, tutabadili nini wiki hii?
4. Kila mwanafunzi afunge kaye na aeleze somo moja la leo kwa Kiswahili.
5. Parokia yetu ianze saa ya masomo siku gani?

MWISHO

Wapenzi, siku ile wafinalisti watakapokuja mbele na kalamu zao, mzazi asimame nyuma ya mtoto wake akiwa na la kumwambia Mungu: "Baba, saa tulizilinda, taa tuliiwasha, tuliuliza na kusikiliza. Kinachobaki ni chako." Sala ya namna hiyo anaweza kuiomba hata yule ambaye hajui kusoma jina lake.

Mungu Baba awape watoto wetu ufahamu, na atupe sisi wazazi uvumilivu wa kila jioni. Amina.