PF3 na RB: Usiondoke Polisi Mikono Mitupu!

Umepigwa au umebakwa njiani ukirudi Soni toka shule? Kosa si lako, na usikae kimya. Pale kituoni uliza Dawati la Jinsia na Watoto, kisha omba:

1. Namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Ukiwa nayo, kesi haipotei kirahisi.

2. Fomu ya PF3. Daktari anaandika humo majeraha yako. Mahakamani ni ushahidi. Ni bure!

Umeumia sana? Wahi hospitali kwanza, fomu ifuate. Ukibakwa usioge, dawa za kuzuia VVU zinaanzwa kabla ya saa 72.

Unaogopa? Nenda na shangazi au mwalimu, au piga 116.