Koo Tisa Zenye Majina ya Wanawake

Mzee wa Kikuyu aishiye Theta, katika nchi ya Ruiru na Thika, akiulizwa ukoo wake aweza kujibu kuwa ni wa Anjiru, au Ambui, au Acera. Majina hayo yatokana na Wanjiru, Wambui na Wacera, binti za Gikuyu na Mumbi waliokaa Mukurwe wa Nyagathanga, Murang'a. Binti hao husemwa kuwa tisa. Kwa kweli walikuwa kumi, ila desturi ilikataza kuwataja watu kwa hesabu kamili.

Ajabu ni kwamba mtoto hufuata ukoo wa baba, na ukoo wenyewe una jina la mwanamke. Masimulizi yasema zamani wanawake ndio waliotawala. Wanaume wakafanya shauri, wakangoja hata wake zao wawe waja wazito wote pamoja, wakawapindua. Walipotaka kuyabadili na majina ya koo, wanawake walitisha kuwa hawatazaa tena, wanaume wakanyamaza.

Wacherokee wa Marekani wana koo saba, na kwao mtoto ni wa ukoo wa mama. Mwaka 1838 walihamishwa kwa nguvu kutoka nchi yao, maelfu wakafa, lakini koo hazikupotea.

Theta nako palikuwa nchi ya mashamba ya walowezi, na wengi wa wakazi wake wametoka kwingine. Lakini posa ikipelekwa, wazee huuliza kwanza habari za ukoo, maana jamaa wa mbari moja hawaoani.