Muuguzi Dhamana: Cheo Peke Yake Hakitoshi



Katika somo la toleo hili tunamwangalia muuguzi dhamana, yule anayesimamia wodi au kituo cha afya. Kwa nini wauguzi wawili wenye elimu na cheo sawa, mmoja huamua mambo kwa wakati na mwenzake husubiri kila kitu kutoka juu?

Jibu mara nyingi limo katika mahali pa kazi. Sisi wa Kizimbani tunalijua hili kwa miche ya mikarafuu. Mche mchanga ukikosa kivuli na maji hufa, wala hatuilaumu mbegu.

Tutofautishe mambo mawili. Utamaduni wa kazi ni mazoea yaliyojengeka kwa miaka: nani husema, nani hunyamaza, kosa likitokea linazungumzwa au linafichwa. Hali ya kazini ni namna wafanyakazi wanavyojisikia leo: wanaaminiwa au wanaogopa? Utamaduni hubadilika polepole, lakini hali ya kazini inaweza kuharibika kwa kikao kimoja.

Mwaka 1977 mtaalamu wa Marekani, Rosabeth Moss Kanter, alieleza kuwa nguvu ya mtu kazini hutokana zaidi na nafasi aliyowekewa kuliko tabia yake. Baadaye Heather Laschinger wa Kanada aliitumia fikra hiyo kuchunguza kazi ya wauguzi. Mambo manne huhitajika:

1. Taarifa: kujua mipango, bajeti na maamuzi mapema.
2. Nyenzo: dawa, vifaa, watu na muda.
3. Msaada: kuelekezwa na kutetewa na wakubwa.
4. Fursa: kusoma zaidi na kupanda daraja.

Tuchukue mfano. Mama amejifungua usiku na anatoka damu nyingi. Muuguzi dhamana anajua la kufanya, lakini ufunguo wa kabati la dawa ameondoka nao mtu mwingine, na gari la kwenda Mnazi Mmoja haliondoki mpaka mkubwa apigiwe simu. Hapo elimu yake haimfai mgonjwa. Na kama aliwahi kuamua mwenyewe akakaripiwa mbele ya walio chini yake, safari hii atangoja. Damu haingoji.

Mabadiliko yanawezekana. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya, kwa ushirikiano na Japani, ilianza utaratibu wa kutenga visivyohitajika, kupanga vinavyohitajika, kusafisha, kuweka kanuni na kuzidumisha. Ziliundwa timu za wafanyakazi za kuboresha kazi, na hospitali nyingine nchini zikafuata. Funzo ni kwamba aliye karibu na kazi ndiye anayeona kasoro kwanza, basi naye apewe nafasi ya kuirekebisha.

Tunashauri wakuu waandike wazi mambo ambayo muuguzi dhamana anaweza kuyaamua bila kuuliza, na wamtetee akiyaamua. Muuguzi dhamana naye asiwafungie kabati walio chini yake, bali awasikilize kama anavyotaka asikilizwe.

Maswali ya kujadili katika vikundi:

1. Katika kituo chetu, nani anashika ufunguo usiku?
2. Mara ya mwisho kosa lilipotokea, tulitafuta sababu au tulitafuta mtu wa kulaumu?
3. Kati ya mambo manne tuliyoyataja, lipi linakosekana kwetu, na nani ana uwezo wa kulitoa?