Mtandao Upi? Somo la Kutafuta Kasoro katika Programu za Kontena, Lodwar hadi Kakuma

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kutafuta kasoro pale ambapo programu iliyowekwa katika kontena, ndani ya klasta ya kompyuta, inashindwa kumfikia mtumiaji. Mfano unaotumika ni wa Lodwar na Kakuma, Kaunti ya Turkana. Hoja kuu ni kwamba neno "mtandao" limebebeshwa maana nyingi mno katika Kiswahili cha leo, na kwamba kasoro nyingi hukawia kutatuliwa kwa sababu aliyeiripoti hakusema ni mtandao upi.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi aliyeko Kakuma anafungua ukurasa wa mazoezi ya sarufi ili awasilishe kazi yake kabla ya saa sita usiku. Ukurasa haufunguki. Anapiga simu Lodwar, umbali wa takriban kilomita 120, naye anajibiwa: "Mtandao umepotea, subiri." Anasubiri. Muda unapita, kazi haipokelewi, na alama zinapotea. Kesho yake fundi anagundua kwamba mnara wa simu ulikuwa salama na intaneti haikukatika hata dakika moja. Ni herufi moja tu iliyokosewa katika faili la maelezo ya huduma.

Kisa hiki ni cha kubuni, lakini kosa lenyewe ni la kweli na hutokea kila mahali zinapotumika programu za kontena. Tumelipeleka Turkana kwa sababu huko ni rahisi mno kuulaumu umbali. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafuata katikati ya miaka ya 2010. Huko wanakutana wasemaji wa Kiturkana, Kisomali, Kidinka, Kinuer, Kiarabu na lugha nyingine nyingi, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Vifaa vya kujifunzia Kiswahili vinapokosekana huko, anayeumia si fundi bali ni msomaji.

Hebu tuitazame sentensi "mtandao umepotea". Je, ni ishara ya simu iliyopotea? Ni intaneti? Ni tovuti? Au ni mawasiliano ya ndani kati ya seva na seva? Kiswahili chetu huyaita yote hayo mtandao, na hata muungano wa vyama vya watu huitwa hivyo hivyo. Mwanaisimu ataiita hali hii polisemia. Kwa fundi, ni giza.

2.0 Istilahi za Msingi

Kontena ni kifurushi kinachobeba programu pamoja na kila kitu inachohitaji ili ifanye kazi. Sitiari hii imetoka bandarini: kama vile kontena la chuma linavyopakuliwa Mombasa na kupakiwa lori bila kufunguliwa, ndivyo programu inavyohamishwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Teknolojia hii ilienea baada ya Docker kutolewa mwaka 2013.

Taswira ni nakala iliyofungwa ambayo kwayo kontena huanzishwa. Mwanafunzi wa fasihi asiichanganye na taswira ya ushairi.

Klasta ni kundi la kompyuta zinazofanya kazi kama moja. Kila kompyuta ndani yake huitwa nodi. Programu inayoongoza klasta nyingi leo ni Kubernetes, iliyotangazwa na Google mwaka 2014. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2015. Jina hilo ni la Kigiriki na maana yake ni nahodha. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi: nahodha habebi mzigo, bali hupanga mzigo ukae wapi na chombo kielekee wapi.

Podi ni kijumba chenye kontena moja au zaidi. Podi hufa na kuzaliwa upya, na kila inapozaliwa hupata anwani mpya. Kwa sababu hiyo ipo huduma, yaani jina na anwani ya kudumu inayosimama mbele ya podi. Huduma huzitambua podi zake kwa lebo. Mwishowe lipo lango, ambalo huwapokea wageni kutoka nje ya klasta na kuwaelekeza kwenye huduma inayofaa. Lango huwakilishwa na podi zake maalumu zinazopokea maombi.

3.0 Majibu ya Hodi

Ombi la mtumiaji ni mfano wa mgeni anayepiga hodi. Majibu anayoweza kupata ni ya aina nne, na kila moja linaonyesha mahali tofauti pa kutazama.

(a) Nyumba haijulikani. Jina halikupatikana katika orodha ya majina. Hapa kasoro imo katika jina lenyewe au katika seva ya majina. Programu haijafikiwa bado.

(b) Hodi imekataliwa papo hapo. Mashine ipo na njia ipo, lakini kwenye poti hiyo hakuna anayesikiliza, au huduma haina podi hata moja nyuma yake.

(c) Kimya. Mgeni anabisha mpaka muda unakwisha. Mara nyingi ngome, yaani kanuni za kuzuia mawasiliano, imeyatupa maombi bila kujibu, au njia imekatika katikati.

(d) Mlinzi wa lango amejibu, ila mwenyeji hayuko. Hapa huonekana namba 502 au 503. Namba hizi zikitoka kwenye lango letu, basi njia kutoka Kakuma hadi langoni ni nzima, na kasoro imo ndani.

Anayetofautisha kukataliwa na kimya amekwisha kupunguza kazi kwa nusu.

4.0 Kutoka Ndani Kwenda Nje

Tuseme chuo kimoja mjini Lodwar kina seva tatu zilizounganishwa kuwa klasta, na ndani yake kuna programu ya kamusi na mazoezi. Kasoro itafutwe kwa kuanza na podi na kuishia kwa msomaji, hatua moja baada ya nyingine. Asiruke hatua hata anayejiona mjuzi.

4.1 Je, podi inaishi?

Amri ya kwanza ni kubectl get pods. Neno "Pending" huonyesha kwamba podi haijaanza kazi, mara nyingi kwa sababu hakuna nodi yenye nafasi ya kuipokea. "CrashLoopBackOff" huonyesha kwamba programu inaanza na kuanguka tena na tena; kumbukumbu za kuanguka kwake husomwa kwa kubectl logs pamoja na nyongeza --previous. "ImagePullBackOff" huonyesha kwamba taswira haikuweza kuvutwa kutoka hifadhi yake.

Hili la mwisho lina uzito wa pekee Turkana. Taswira ya megabaiti 800, ikivutwa kwa njia ya megabiti 2 kwa sekunde, huchukua takriban dakika 53 hata kama hakuna mwingine anayeitumia njia hiyo. Aidha, taswira ikipewa tagi ya "latest", Kubernetes kwa kawaida huiuliza hifadhi kila podi inapoanza, hata kama nakala imo tayari ndani ya nodi. Intaneti ikikatika saa hiyo, podi haitaanza ilhali chakula kimo jikoni. Dawa ni mbili: taswira ipewe tagi mahususi ya toleo, na hifadhi ya taswira iwekwe papo hapo Lodwar.

4.2 Je, huduma inaijua podi?

Podi inaishi, lakini huduma inakataa hodi. Amri ya kubectl get endpointslices huorodhesha anwani za podi zilizo nyuma ya huduma. Orodha ikiwa tupu, tazama lebo. Ikiwa podi imeandikwa "kamusi" na huduma inatafuta "kamuzi", hazitakutana kamwe, na nahodha hatapiga kelele yoyote kwa sababu kwake maandishi yote mawili ni halali. Hilo ndilo kosa la kisa chetu.

Orodha ikiwa na anwani na bado hodi inakataliwa, linganisha poti ambayo huduma inalenga na ile ambayo programu inasikiliza. Upo pia mtego mmoja: programu inaweza kuwa inasikiliza kwenye anwani 127.0.0.1 pekee, yaani inajisikiliza yenyewe. Fundi akijaribu kwa kubectl port-forward atafanikiwa, kwa kuwa amri hiyo humwingiza ndani ya podi. Wengine wote watakataliwa. Programu isikilize kwenye 0.0.0.0.

4.3 Je, mgeni wa nje anaruhusiwa?

Huduma ya kawaida huwa na anwani ya ndani ya klasta tu. Jina linaloishia na svc.cluster.local halina maana yoyote kwa simu iliyoko Kakuma. Ili mgeni aingie, huduma ifunguliwe kwa poti ya nodi, ambazo kwa kawaida ni kati ya 30000 na 32767, au pawepo na lango. Anayetumia seva zake mwenyewe akiomba huduma ya aina ya LoadBalancer ataona anwani ya nje imeandikwa "pending" siku nzima, kwa sababu hakuna kampuni ya wingu ya kumpa anwani hiyo. Ni lazima aweke programu ya kufanya kazi hiyo, mathalani MetalLB.

Zaidi ya hayo, sera ya mtandao ndani ya klasta inaweza kuwa inazuia maombi kutoka kwenye lango. Sera hiyo kwa kawaida hujibu kwa kimya.

4.4 Je, njia inapitisha mzigo wote?

Kuna kasoro inayowachanganya wengi: ukurasa wa kuingia unafunguka, lakini kupakia faili kunakwama. Chanzo kinaweza kuwa ukubwa wa pakiti. Njia ya kawaida hupitisha pakiti za baiti 1500. Mawasiliano ya ndani ya klasta yakifungashwa kwa VXLAN, baiti 50 huliwa na bahasha yenyewe, na njia ya siri kati ya miji huongeza bahasha nyingine. Pakiti ndogo hupita, kubwa hutupwa. Dawa ni kupunguza kipimo cha pakiti ndani ya klasta mpaka bahasha zote zitoshee.

5.0 Klasta Moja kwa Miji Miwili?

Huenda mtu akauliza: kwa nini tusiweke nodi mojawapo ya uongozi kule Kakuma, ili klasta iwe moja? Jibu linategemea njia. Setilaiti ya obiti tuli hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi na jibu lake hupanda na kushuka mara mbili, na mwendo huo pekee huchukua takriban nusu sekunde. Daftari la klasta, liitwalo etcd, kwa kawaida hupeana ishara ya uhai kila milisekunde 100 na huitisha uchaguzi wa kiongozi baada ya milisekunde 1000 za kimya. Katika njia kama hiyo, msongamano mdogo tu hutosha kuzusha uchaguzi usiokwisha. Nyuzi za kioo zina hali tofauti kabisa: kilomita 120 huvukwa kwa muda usiofika milisekunde moja.

Lakini hata njia ya kasi hukatika. Basi ni afadhali Kakuma iwe na nakala yake inayojitegemea, na kazi za wanafunzi zipelekwe Lodwar njia inapopatikana. Kolibri, jukwaa la masomo lililotolewa na Learning Equality mwaka 2017, lilijengwa kwa wazo hilo hilo la kusoma bila intaneti.

6.0 Namna ya Kuripoti

Tunapendekeza ripoti ya kasoro ijibu maswali manne: nani alibisha hodi, kutoka wapi, kwa jina gani, na alijibiwa nini. Linganisha sentensi hizi mbili:

(i) Mtandao umepotea.
(ii) Nikiwa Kakuma, jina la tovuti linapatikana, lango linajibu 503, na mwenzangu aliyeko Lodwar anapata jibu hilo hilo.

Sentensi ya pili haina istilahi ngumu, lakini imekwisha kuondoa lawama kwa mnara, setilaiti na umbali. Fundi ataanza moja kwa moja kwenye hatua ya 4.1 na 4.2.

7.0 Hitimisho

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na ukadhihirisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba kompyuta. Kazi iliyobaki si ya kuunda maneno tu, bali ya kuyatenganisha yale yaliyolemewa. Hatuna budi kuacha "mtandao" lidokeze jambo moja kwa wakati mmoja, na kuyapa mengine majina yake: ishara, intaneti, tovuti, huduma, lango. Mwanafunzi wa Kakuma aliyepoteza alama hakukosa umeme wala mnara. Alikosa mtu wa kuuliza, "Mtandao upi?"

Maswali ya Mazoezi

1. Eleza tofauti kati ya kukataliwa na kimya katika kupiga hodi, na utaje chanzo kimoja cha kila hali.
2. Kwa nini podi inaweza kushindwa kuanza ingawa taswira yake imo ndani ya nodi?
3. Kusanya sentensi kumi zenye neno "mtandao" kutoka magazetini. Zipange kwa maana, kisha upendekeze neno mbadala pale inapofaa.