Faili la GB 10 kwenye diski iliyojaa

SWALI: Programu yangu hurekodi video za mihadhara chuoni kwenye seva ya Linux. Hulipatia faili ukubwa wa GB 10 kwa ftruncate, lakini diski hujaa katikati ya kipindi. Nafasi niliyotenga huenda wapi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Hukutenga nafasi, ndugu yangu, ulibadilisha ukubwa unaoonekana tu. Linganisha mwenyewe kabla hujaandika chochote: ls -l itakuonyesha GB 10, du itakuonyesha karibu sifuri. Bloku hutolewa pale data inapoandikwa, na programu nyingine huweza kuzimaliza kabla yako.

Tumia posix_fallocate. Nafasi isipotosha, utapata ENOSPC hapo hapo, kabla mhadhiri hajafungua kinywa. Hapa wengi hukosea: kosa hilo huja kama thamani inayorudishwa, errno haiguswi.

Kwenye ext4 na XFS kazi huisha haraka, kwa kuwa bloku hutengwa bila kujazwa. Mfumo wa faili usio na uwezo huo huilazimisha glibc kuandika katika kila bloku, nawe utasubiri sana. Hulitaki hilo? Ita fallocate ya Linux yenyewe. Itashindwa kwa EOPNOTSUPP, uamue mwenyewe.

Badilisha mstari wa ftruncate leo, na programu ikatae kuanza kurekodi nafasi isipopatikana.