KITUO CHA PETROLI KIJIJINI: TUULIZE KABLA YA KUKUBALI

Pikipiki zimejaa vijijini, na petroli inauzwa kwenye chupa. Hiyo ni hatari. Basi mtu akija kuomba kiwanja ajenge kituo cha petroli, yaani sheli, wengi wetu hufurahi. Tufurahi, lakini kwanza tuulize.

Nani anatoa ardhi?
Hapa Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi mpaka Mkutano Mkuu wa Kijiji ukubali. Mkutano huo ni sisi wanakijiji tuliotimiza miaka 18. Mwenyekiti peke yake hana uwezo huo. Baada ya hapo, mwenye kituo anatakiwa kupata kibali cha ujenzi na leseni kutoka EWURA.

Kwa nini tuulize?
Matangi ya petroli huzikwa ardhini. Tangi likitoboka, petroli hupenya udongoni polepole, wala hatuioni, mpaka inafika kisimani. Tena mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, na cheche moja tu ya jiko yaweza kuuwasha.

Maswali ya mkutanoni:
1. Kisima, shule na nyumba ziko umbali gani?
2. Maji ya mvua yanateremkia wapi?
3. Ramani na vibali viko wapi?

Majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Kusoma tumeshajua. Tusinyooshe mkono kupitisha karatasi ambayo hatujaisoma.